Jogoo wa Pasua bado hajapatikana: utani wa redioni na wapigaji wale wale

Panda kifodi cha kwenda Sakina, Arusha, Ijumaa jioni, dereva akiwa amefungulia kile kipindi cha soga na vichekesho kinachoanza saa kumi. Subiri simu za wasikilizaji. Itafika zamu ya mzee mmoja wa Pasua, Moshi. Mtangazaji atamuuliza, kama anavyowauliza wote, nani mwenzetu na unatokea wapi, na kabla mzee hajamaliza kulitaja jina lake atakatizwa kwa neno moja: "Jogoo?"

"Bado."

Gari zima linajibu naye. Konda anagonga bodi, mama aliyepakata ndoo ya parachichi anatikisika kwa kicheko, na mzee anaendelea na mada ya siku kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa mgeni: miaka kadhaa iliyopita mada ilikuwa majirani, na mzee huyu alipiga kusimulia jinsi jogoo wake alivyotoweka mkesha wa Krismasi, wiki ile ambayo nusu ya Dar es Salaam inapanda Kilimanjaro na kila jiko la mgombani linafuka moshi. Mtangazaji akauliza, "Sasa amepatikana?" Akajibiwa, "Bado." Basi. Hicho ndicho kichekesho chote. Tangu hapo jogoo ameonekana Himo, ameonekana Namanga akivuka mpaka, amegombea uenyekiti wa mtaa. Siku moja mama wa Same alipiga akasema, "Mimi ni Mpare, mzee asihangaike. Ng'ombe wa kuuza tukafungulie kesi ninaye, tatizo ni huyo kuku tu." Wa Kaskazini wanaujua utani wenyewe, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe afungue kesi ya kuku, na hawahitaji kuelezwa kwa nini siku ile mtangazaji alishindwa kuendelea ikabidi fundi mitambo aweke wimbo.

Naandika haya kwa sababu ya mwalimu wangu wa zamani, sasa mstaafu, niliyemkuta Kiboriloni akinywa kahawa na redio imezimwa. Nilimwamkia, nikamuuliza mbona kimya. "Mwanangu," akasema, "redio imegeuzwa kijiwe. Watu ishirini wale wale, kichekesho kile kile, miaka nenda miaka rudi. Na wewe umesoma, unacheka nini?"

Swali lake ni la haki, na si yeye peke yake anayeliuliza. Wenye mawazo kama yake husema masafa ni mali ya umma, kwamba muda wa hewani ungefaa bei ya mahindi na barabara mbovu, kwamba vichekesho vya makabila vinaota mizizi, na kwamba watangazaji wamegundua njia rahisi ya kujaza saa tatu bila kujiandaa. Hilo la mwisho nalikubali kwa sehemu. Kuna siku unasikia kabisa kwamba mtu amekuja studio na funguo za gari tu mkononi.

Lakini hili la "wale wale" limenikera muda mrefu, tulipigie hesabu ya kijiweni. Kipindi kina dakika 180. Toa matangazo ya biashara, toa muziki, toa taarifa ya habari na watangazaji wenyewe kutaniana. Tuseme kwa ukarimu zimebaki dakika 40 za simu. Kila mpigaji umpe dakika moja na nusu, ikiwemo ile ya "haloo, haloo, punguza sauti ya redio yako". Unapata wapigaji 26 kwa siku, 130 kwa wiki ya siku tano. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,356,255 mkoa wa Arusha na 1,861,934 Kilimanjaro, jumla zaidi ya milioni nne na laki mbili. Kama kila mmoja angepewa zamu moja tu, bila mtu yeyote kurudia, ingechukua wiki 32,447. Hiyo ni zaidi ya miaka 620. Waondoe watoto, waondoe wasiosikiliza redio, igawe kwa mbili ukitaka: bado wa mwisho kwenye foleni ni kitukuu wa kitukuu wa mtu ambaye hajazaliwa.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyofaa, kwa sababu inageuza lawama. Simu za redioni haziwezi kuwa kura ya wananchi hata studio ikiwa ya malaika. Daima watapita wachache. Swali ni wachache gani, na wanawafanyia nini wale wengi wasiopiga. Mwalimu anadhani wale ishirini wamepora nafasi ya watu milioni nne. Mimi naona wanafanya kazi ya wachezaji ngoma. Hakuna anayelalamika kwamba ngoma ya Kimasai inarukwa na vijana wale wale. Anayetaka kuingia anaingia, na aliyesimama pembeni naye yupo ngomani, maana anajua lini pa kuitikia. Abiria wa kifodi hawajawahi kupiga simu ile. "Bado" ni yao hata hivyo.

Na msidhani kupita ni bahati. Pale Kilombero, hapa Arusha, nina fundi cherehani, dada mmoja anayenipunguzia suruali, ambaye husikika hewani karibu kila wiki. Nimemtazama akifanya. Kitochi kimewekwa juu ya meza ya cherehani, namba imeshaandikwa. Hapigi mtangazaji anapozitaja namba, kwa maana hapo kila mtu anapiga. Anangoja tangazo la biashara la pili lianze, anabonyeza kwa kidole gumba cha kushoto, mguu haujaacha kukanyaga. Inatumika. Anabonyeza tena. Inatumika. Pindo la suruali limefika nusu, simu ikaita, akanyoosha mkono kuizima redio kabla hata hajasema haloo. "Kaka, wengi wanakosa kwa redio," aliniambia baadaye. Ana haki. Redio ikiwa karibu na simu, sauti ya studio inatoka spika, inaingia kwenye simu, inarudi studio, inatoka tena hewani, na katika mizunguko michache ni yowe la filimbi linalotoboa masikio ya mkoa mzima. Kwa hiyo huyu mmoja wa "wale wale" ni mtu aliyejifunza chombo.

Wazee wangekumbuka kwamba hili halikuanza na simu. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na kadi za salamu. Mtu ananunua kadi, anaorodhesha majina, anatuma, anangoja wiki. Waliotuma walikuwa wale wale, na majina yao ya utani yalijulikana kutoka Kigoma hadi Tanga. Hakuna aliyesema wameteka redio ya taifa. Raha ilikuwa hiyohiyo ya kulisikia jina unalolitarajia mahali unapolitarajia. Mwalimu mwenyewe, nilipombana, alikiri kwamba kadi alizituma. Tena nyingi.

Kurudia kwenyewe ndiko watu wanakokosea zaidi. Mzaha mpya unamchekesha kila mtu, hata mpita njia. Mzaha wa mara ya mia unamchekesha mwenyeji peke yake, na humfanya mgeni aulize, "Jogoo gani?" Akishaelezwa naye amekuwa mwenyeji. Kwetu jambo hili lina jina, ni utani, na utani una kanuni. R. E. Moreau, Mwingereza aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara na ambaye sifa zake nyingi ni za elimu ya ndege, aliandika miaka ya 1940 kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Alichokiona tunakijua bila kukisoma. Mtani anaweza kukutukana msibani, akamwigiza marehemu, akagoma kutoka kaburini hadi apewe kitu, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe na kubeba maji, na zamu yako ya kumrudishia itafika. Mama wa Same na mzee wa Pasua wako ndani ya mkataba huo. Mchagga na Mpare wakirushiana kuku na ng'ombe hewani, hakuna aliyedhalilishwa, kwa kuwa kila mmoja ana jiwe mkononi na namba ya studio anayo.

Kanuni hiyo ndiyo inayonionyesha pa kuupinga upande wangu mwenyewe. Kuna mzaha mwingine unaopenyezwa kwenye vipindi hivi: mtangazaji anampigia mtu asiyejua kwamba yuko hewani. Anajidai wa kampuni ya simu, anamwambia umeshinda zawadi, unataka tumpelekee nani maua? Mke yuko studio, anangoja kusikia kama jina litakalotajwa ni lake. Nchi nzima inasikiliza. Yule mwanamume hana jiwe. Hajui hata kwamba kuna mchezo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kabla yake kanuni za maudhui ya utangazaji za 2018 chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lakini hata bila sheria bibi yangu angekwambia huo si utani, ni umbea wenye mnara. Desemba 2012 watangazaji wa kituo kimoja cha Sydney, Australia, walipiga hospitali ya London wakijifanya Malkia na mwanawe. Muuguzi aliyepokea na kuiunganisha simu ile alijiua siku chache baadaye. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Australia, ambayo mwaka 2015 iliipa haki mamlaka ya utangazaji kusema kituo kilivunja sheria kwa kurusha mazungumzo yaliyorekodiwa bila ridhaa. Wale watangazaji hawakukusudia kifo. Walikusudia kicheko, na kicheko kilikuwa cha upande mmoja.

Wanawake pia hutaniwa kwa upande mmoja. Dada wa Kilombero anasema akipiga akaambiwa "sauti tamu hiyo, umeolewa?" anakata. Hajakatiwa, anakata mwenyewe, na salio lake. Mtangazaji anadhani mtandao umesumbua.

Kuna na jambo moja linaloniuma, mwalimu hajalisema lakini lingemsaidia. Mwaka huu, Ijumaa moja ya kiangazi, mzee wa Pasua alipiga. "Jogoo?" "Bado." Kifodi kikalipuka kama kawaida, nami nikiwemo. Mzee akasema leo sikupiga kwa mada, nimepiga kwa sababu bomba la mtaa wetu lina siku ya sita halitoi maji. Mtangazaji, akiwa bado anacheka, akamjibu, "Ndiyo maana jogoo amehama, mzee!" Mzee akacheka. Alicheka kweli, nilimsikia. Likaingia tangazo la saruji. Mtaa wenyewe hakuwahi kuutaja. Kichekesho kilikuwa kimeshika uskani, na mwenye jogoo amekaa kiti cha nyuma.

Hilo halinipeleki kwa mwalimu anayetaka kijiwe kifungwe. Mzee yule alipita kwenye foleni ya miaka 620 kwa sababu ya jogoo; bila jogoo angekuwa sauti nyingine ya "maji hakuna" ambayo fundi mitambo angeiruka. Tatizo lilikuwa mpangilio tu. Jogoo aulizwe mwisho. Msikilize mtu kwanza, mpe mtaa wake, na akishamaliza ndipo umuulize, gari lote lijibu. Nilimpelekea mtangazaji ujumbe huo mfupi. Hakunijibu, na sina uhakika kama anasoma ujumbe wa watu wasiopiga.

Ijumaa iliyopita mzee alipita tena, na yowe la filimbi likamtangulia.

"Mzee wangu, punguza sauti ya redio yako."

"Siwezi, kijana. Redio ni ya jirani."

Studio ikanyamaza kidogo. Kisha mtangazaji akauliza, taratibu, kama jirani huyo anafuga kuku.