Lindiwe Mabuza: tuanze na mashairi, ubalozi utafuata

Ni rahisi kumtaja Lindiwe Mabuza kwa vyeo vyake: mbunge wa bunge la 1994, balozi wa Afrika Kusini Ujerumani kuanzia 1995, kisha London tangu 2001 hadi 2009. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ni ya kabla ya hapo, na sisi wa Lubumbashi, Kongo, ndiyo tunayopaswa kuisoma.

Alizaliwa Newcastle, Natal, mwaka 1938. Mwaka 1977 aliacha kufundisha chuo kikuu huko Ohio, akaenda kuitumikia ANC, chama kilichopigania uhuru wa Afrika Kusini, huko Lusaka, Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa. Alitangaza Radio Freedom, redio ya ANC, na akaanza kukusanya mashairi ya wanawake wa ANC walioishi uhamishoni. Kitabu kikaitwa *Malibongwe*. Wengi waliandika kwa majina ya bandia, kwa sababu jina halisi lingeweza kuwaponza ndugu waliobaki nyumbani. Hata mhariri alijificha: jaladani pameandikwa Sono Molefe. Ndiye yeye mwenyewe! Ukikitafuta kwa jina la Mabuza peke yake, unaweza kukipita bila kukiona.

Kilitoka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Afrika Kusini wakakipiga marufuku. Nchini mwake kilichapwa 2020, mwaka mmoja kabla hajafariki. Miaka arobaini kitabu kimefungiwa mlango wa kwao, hilo linaniuma.

Kitabu kilipotoka Ulaya, yeye alikuwa Stockholm, Uswidi, 1979 hadi 1987, akiiwakilisha ANC, balozi asiye na serikali nyuma yake. Halafu Washington.

Sasa vijana wetu wa slamu, ushairi wa kusomwa mbele ya watu, katika mitaa yetu ya Katuba na Kamalondo: shairi linasomwa jioni moja, linabaki kwenye telefone, telefone ikiibiwa shairi nalo limekwenda. Andikeni kwenye kaye, yaani daftari, usiku uleule. Chini ya kila shairi wekeni tarehe, mahali na lugha. Neno la Kiswahili cha hapa lisisahihishwe likawa la Dar es Salaam. Pigeni nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Anayeogopa kutajwa apewe jina la bandia, lakini orodha ya majina halisi iandikwe kwa mkono, ifungwe kwenye bahasha, na ashike mama mmoja anayeaminiwa na wote. Bila bahasha hiyo, miaka thelathini ikipita hakuna atakayejua shairi ni la nani, hata mwenye shairi akiwa bado anaishi mtaa wa pili.