Saa Mbili ya Nani?

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga. Nalitaja hilo mapema ili nisije nikadhaniwa mshamba wa saa. Kwetu jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likipanda kidogo ni saa moja, na mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba mshale ukiwa kwenye 8 unasema saa mbili. Hesabu hiyo tunaifanya kama kumeza mate. Kwa hiyo Juni 2024, nilipotua Addis Ababa kwa mkataba wa mwaka mmoja wa kutafsiri nyaraka, niliogopa baridi ya mji uliokaa zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, niliogopa herufi zao zaidi ya 200, niliogopa hata injera, ule mkate wao mwembamba mchachu. Saa sikuiogopa.

Balaa lilianza na dalali wa nyumba. Nao humwita karibu hivyo hivyo, delala, na tabia ni moja: simu tatu kwa dakika, na kila chumba "kuna mtu mwingine anakitaka". Tukazungumza kwa Kiingereza cha kubahatisha, akaniambia tukutane Megenagna kesho, "tu okloki". Nikageuza kichwani, saa nane mchana. Siku ya pili nikala shiro yangu taratibu, nikafika saa nane kasoro dakika tano, nikajisifu kwamba Mtanzania naye anaweza kuwahi.

Dalali hayupo. Nikapiga simu. Alinipokea kwa kelele ambayo hata asiye na simu angeisikia: amesimama kwenye mvua na mwenye nyumba tangu tu okloki, mwenye nyumba kakasirika, nyumba kapewa mtu mwingine (safari hii kweli).

"Lakini tu okloki si ndiyo hii?" nikasema.

"Hii ni eit okloki!"

Nikaitazama saa yangu. Ilisema 2. Pembeni yangu alikuwapo mzee mng'arisha viatu, amesikia ugomvi wote. Akakunja mkono wa koti akanionyesha saa yake. Mshale ulikuwa kwenye 8. Nikamwonea huruma, nikidhani mbovu. Akatikisa kichwa, akagonga kioo kwa ukucha mweusi wa rangi ya viatu, akasema polepole kama anayefundisha kasuku: "Simint saat."

Simint ni nane. Saat haihitaji mkalimani. Mzee alikuwa ananiambia, kwa Kiamhari safi, kwamba sasa hivi ni saa nane. Na kweli ilikuwa saa nane!

Nilicheka hadi akadhani nimepagawa. Kumbe Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, tangu jua kuchomoza, ila wengine wameamua kuihamisha na mishale yenyewe. Dalali alifikiri saa mbili, akaitoa kwa Kiingereza ikiwa mbili vilevile. Mimi nikaipokea kwa Kiingereza, nikairudisha nyumbani ikawa saa nane. Angeniambia kwa Kiamhari, nami nikamjibu kwa Kiswahili, tungekutana asubuhi ile bila taabu na nyumba ningepata.

Nyumba ya pili niliipata huko Gerji, kwa mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Etiye, jina la heshima kwa mama wa umri wake. Tarehe ya mkataba ilikuwa 2016. Mwaka huo mimi nilikuwa chuo, Dar es Salaam, natembelea ndala. Nikamgeukia dalali: "Unanipangisha nyumba iliyokwisha muda miaka minane iliyopita?" Akafunika uso kwa mikono. Basi nikaelezwa habari ya kalenda yao: miezi 13, kumi na miwili ya siku 30, na kale kadogo ka mwisho, Pagume, ka siku tano au sita, na mwaka mpya wao uko Septemba. Nikasaini. Nilitoka pale nimepungua miaka minane, na huo ndio upande wa mambo ambao sijawahi kuulalamikia.

Sasa tatizo la mtu aliyekosea mara moja ni kwamba hugeuka mwalimu. Kazini alikuja Mkenya mmoja mgeni, nikamweka chini nikamfundisha: "Ndugu yangu, hapa ukisikia tu okloki, usigeuze. Hiyo ni saa mbili ya jua. Usigeuze kabisa." Alinishukuru sana, maskini.

Mwishoni mwa Julai mjukuu wa Etiye akahitimu chuo kikuu. Nikaletewa ujumbe wa simu na mhitimu mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka: sherehe nyumbani kwa bibi, Arat Kilo, Jumapili, 2:00. Nikatabasamu. Saa mbili asubuhi. Nikawaza, watu hawa ni wacha Mungu, watakuwa wanaanza na sala halafu chai.

Jumapili nikaamka gizani, nikavaa suti juu ya sweta mbili, nikafunga zawadi yangu: doti ya khanga niliyotoka nayo nyumbani, yenye maandishi *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Nikapanda basi dogo la bluu na nyeupe, konda kaning'inia mlangoni anaimba "Arat Kilo, Arat Kilo". Saa mbili kamili nagonga geti la Etiye.

Dalili ya kwanza alikuwa kondoo. Alikuwa amefungwa kwenye bomba la maji, anatafuna majani, mzima wa afya. Tukatazamana. Katika sherehe zote nilizowahi kuhudhuria, mimi na kitoweo hatujawahi kukutana katika hali hiyo.

Mlinzi mzee alinifungulia akainama, kisha akakimbilia ndani akiita majina. Nikasikia sufuria ikianguka. Akatokea binti wa miaka kama 15, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, kitana bado kimechomekwa. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa uungwana wote: "Samahani mdogo wangu, nimekuja mapema?"

Binti akavuta pumzi ndani kwa ghafla: "Hhaa!" Vile mtu avutavyo akiona nyoka.

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Hakuna kitu. Nikaelewa kwamba ameshtushwa na swali lenyewe, yaani mgeni kama mimi awezaje hata kuwaza hivyo, la hasha. Nikafarijika, nikaingia, nikakaa.

Nyumba ilikuwa tupu. Etiye yuko kanisani tangu alfajiri. Mimi ni Mwanglikana. Kwetu Muheza mahubiri yakizidi nusu saa watu wanaanza kukohoa. Nilidhani atarudi wakati wowote.

Akaja shangazi wa nyumba, mama mnene mwenye macho mekundu ya vitunguu, akaweka mbele yangu sinia la injera iliyochanwachanwa ikachanganywa na mchuzi mwekundu, mvuke unapanda. Akaninyooshea kidole: "Bila!"

Bila nini? Nikamtazama. "Na! Bila!" akakazia.

Na bila... Nikasubiri sentensi iishe. Haikuisha. Nikajaribu kumsaidia: "Bila pilipili?" Akachukua tonge kwa mkono wake, akaliviringisha, akalisukuma mdomoni mwangu hadi vidole vikagusa meno. Hapo nikajua kwamba bila kwa Kiamhari ni "kula", na hiyo na ni "njoo". Nilikula peke yangu huku watu wanne wamesimama kunitazama, nami nikiwahimiza "njooni, karibuni tule". Wote walikuwa wamefunga, wanasubiri ibada iishe.

Baada ya chakula ikaletwa kahawa. Hapa lazima nieleze, maana kahawa ndiyo iliyoniua. Hawakuletei kikombe wakaondoka. Binti, sasa kichwa robo tatu, akatandaza majani mabichi sakafuni, akaketi kwenye kigoda, akaosha buni kijani, akazikaanga kwenye kikaango kidogo mbele yangu hadi zikang'aa mafuta, akanizungushia moshi wake puani. Ubani ukafukizwa, bisi zikamwagwa kwenye ungo. Kahawa ikasagwa, ikachemshwa katika dele la udongo lenye shingo nyembamba, jebena, kisha ikamiminwa kutoka juu kwenye vikombe visivyo na mkono, bila tone kudondoka nje. Raundi ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, ya tatu bereka, yaani baraka yetu hii hii. Kuondoka kabla ya baraka ni kuitia nyumba doa. Mimi niliyekulia kahawa chungu ya barazani nikasema hii ni saizi yangu. Vikombe vitatu.

Saa tatu na nusu, hakuna mgeni. Nikawaza: hawa nao kama sisi, ukialikwa saa mbili unakwenda saa nne. Saa nne, hakuna mgeni. Wenyeji wanapita wamebeba viti, wananitabasamia kwa ile huruma ambayo watu humpa mgonjwa. Kukaa kukanichosha, nikavua koti nikajipangia kazi. Waswahili tulishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nililifuata jembe mwenyewe saa mbili baada ya kufika. Nikabeba makreti ya soda. Nikapanga viti 40. Nikashika miguu ya nyuma ya yule kondoo, naye akanitazama kama anayesema, ningejua ningekuuma pale pale getini.

Etiye akarudi kutoka kanisani amejitanda shuka lake jeupe, akanikuta na damu kwenye soksi. Akashika kifua. "Lije!" Mwanangu! Bila kuuliza chochote akaamuru nipikiwe kahawa. Majani mapya, moshi mpya, abol, tona, baraka. Vikombe sita. Mikono ilianza kutetemeka kidogo. Nikaificha chini ya meza.

Nikampa khanga, nikamfasiria maandishi kupitia kwa binti: mgeni aje, mwenyeji apone. Etiye akaitazama ile khanga, akawatazama wenyeji wake waliochoka tangu asubuhi, akacheka hadi akakaa chini.

Ilipotimia saa saba na nusu nikaamua imetosha. Sherehe nzuri, nikajisemea, ya kifamilia, ya watu wachache. Nikavaa koti, nikaaga mmoja mmoja kwa kugusanisha mabega kama nilivyoona wakifanya. Wakaniaga kwa mshangao mkubwa. Nikafungua geti.

Nje ilikuwa imesimama foleni ya magari. Watu waliovaa kitaifa, nguo nyeupe zenye nakshi, wanashuka na maua, na katikati yao mhitimu mwenyewe na joho lake, anapigwa picha. Wakaniona natoka.

"Unakwenda wapi? Ndiyo tunaanza!"

Nikatoa simu nikamwonyesha ujumbe wake. 2:00. Akasoma, akaniangalia, akaangalia soksi zangu.

"Wewe si mgeni?" akasema. "Nilikuandikia saa ya kizungu, nisikusumbue. Watu wetu niliwaandikia 8:00."

"Kwa hiyo ulimaanisha saa nane mchana?"

"Hhaa!" akavuta pumzi ndani.

Nikageuka nyuma kwa mazoea. Hakuna nyoka. Nikamgeukia tena, taratibu. "Hiyo pumzi... maana yake nini?"

"Maana yake ndiyo."

Nilirudishwa ndani nimeshikwa mikono miwili kama mtuhumiwa. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa tangu kondoo akiwa hai, na kila aliyesimuliwa aliona ni wajibu wake kunilisha tonge kwa mkono. Kuku wa mchuzi mzito, yai zima la kuchemsha, kondoo rafiki yangu. "Bila! Bila!" Jioni ikapikwa kahawa ya sherehe. Nikasema hapana, Etiye akasema abol. Nikasema hapana, akasema tona. Ya tatu alinishikia kikombe yeye mwenyewe, maana mimi nilikuwa namwaga.

Vikombe tisa. Usiku nililala chali nikisikiliza moyo unavyopiga kama cherehani. Simu ilipoonyesha 2:00 nilikuwa macho kabisa. Nikamkumbuka yule Mkenya wa kazini, nikamwandikia: "Ndugu yangu, yale niliyokwambia kuhusu saa, subiri kwanza." Akajibu papo hapo. Naye hakuwa amelala, ila sababu zake alisema atanieleza tukionana, na hakutumia maneno mazuri.

Jumatano Etiye alikuja kuchukua kodi, kajifunga khanga kiunoni, na jina liko sawasawa nyuma. Akanialika tena Jumapili. Nilipofungua mdomo kuuliza saa ngapi, akaninyamazisha kwa kiganja, akanitoa hadi barazani, akanyoosha mkono juu kunionyesha jua litakapokuwa, kama bibi yangu wa Muheza alivyokuwa akifanya.

Nikatazama alipoonyesha. Ilikuwa bado Julai, msimu wa mvua. Lilikuwa wingu tupu, kutoka mlima hadi mlima.