Kuinamisha kidevu si ushauri wa kujazia nafasi

Mgonjwa wa kiharusi akianza kupaliwa na maji, yaani yakimwingia njia ya hewa, mara nyingi kinachobadilishwa kwanza ni maji yenyewe. Yanatiwa unga wa kuyafanya mazito, yapite kooni polepole ili misuli iliyolegea ipate muda wa kuziba njia ya hewa. Kumfundisha mgonjwa kubadili mkao anapomeza huja baadaye, na pengine kwa sentensi moja tu: "Jaribu kuinamisha kidevu." Wanaotanguliza unga wana sababu zao, na nitazieleza. Ila naona mkao umepunjwa haki yake.

Koromeo ni njia panda ya hewa na chakula. Mtu akishusha kidevu kuelekea kifuani, shina la ulimi husogea nyuma na mlango wa zoloto, ulio juu ya njia ya hewa, hubanwa. Kwa wagonjwa wengi, kijishimo kilicho kati ya shina la ulimi na kidakatonge, kile kifuniko cha zoloto, nacho hupanuka. Sasa mfikirie mgonjwa ambaye koo lake huchelewa kuitikia. Maji yamekwisha kutoka mdomoni, lakini koo bado halijaanza kazi. Akiwa ameinua kichwa, yanateremka moja kwa moja kwenye njia ya hewa iliyo wazi. Akiwa ameinama, yana mahali pa kusubiri.

Aliyepooza upande mmoja wa koo hupewa mkao mwingine: anageuza uso kuelekea upande uliopooza. Upande huo unajifunga, na tonge linapitia upande wenye nguvu. Mwenye ulimi dhaifu lakini koo zima huweza kunufaika kwa kuinua kidevu kidogo, chakula kikateremka kwa uzito wake, mradi njia yake ya hewa inajifunga vizuri. Kila mkao una kasoro yake unaoilenga. Jeri Logemann, mtafiti wa Marekani aliyejenga sehemu kubwa ya elimu hii, alisisitiza mkao ujaribiwe chini ya eksirei ya video, mgonjwa akimeza bariamu, kimiminika kinachoonekana kwenye picha, ili ionekane kama unamsaidia yeye.

Jina la Logemann limo pia kwenye utafiti ambao wapenzi wa vinywaji vizito huutegemea. Mwaka 2008 yeye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 711 wenye ugonjwa wa Parkinson au upungufu wa akili wa uzeeni, wote wakipaliwa na maji ya kawaida. Kila mmoja alipimwa kwa njia tatu. Walipoinamisha kidevu, asilimia 68 bado walipaliwa. Kwa kinywaji kizito kiasi ilikuwa asilimia 63, na kwa kilicho kizito kama asali, asilimia 53. Mtu akiishia hapo, hukumu imekwisha kutoka.

Lakini eksirei huonyesha mameza machache ya siku moja. Kinachohofiwa zaidi ni nimonia, maambukizi ya mapafu yanayoweza kufuata kupaliwa, na nimonia huhesabiwa kwa wiki na miezi. Mwaka huohuo ilichapishwa sehemu ya pili ya kazi hiyo, iliyofuatilia wagonjwa 515 kwa miezi 3, na hapo ushindi wa asali haukuonekana. Nimonia iliwapata karibu asilimia 10 ya walioinamisha kidevu na karibu asilimia 12 ya waliopewa vinywaji vizito, tofauti isiyothibitisha chochote kitakwimu. Ukiyatenga makundi mawili ya vinywaji vizito, kundi la asali lilifika asilimia 15. Na waliougua nimonia katika kundi hilo walilazwa kwa siku 18 kwa kipimo cha kati, ilhali katika makundi mengine mawili siku hizo hazikuzidi 6.

Siku hizo 18 hazinitoki akilini. Kinywaji kilichoonekana salama kuliko vyote kwenye picha ndicho kilichoambatana na ulazwaji mrefu kuliko wote. Upungufu wa maji mwilini nao uliwapata asilimia 6 ya waliopewa vinywaji vizito, dhidi ya asilimia 2 ya walioinamisha kidevu. Idadi hizi ni ndogo na hazifungi mjadala, lakini chanzo chake si kigumu kukiona: mgonjwa aliyechoshwa na kinywaji kisichokata kiu hupunguza kunywa. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa, kinywaji kizito kama asali ndicho walichokipenda kidogo kuliko vyote.

Upande wa pili una hoja mbili ambazo hazijibiki kirahisi. Kwanza, hapakuwa na kundi lililoachwa bila msaada wowote, kwa hiyo utafiti huo hauwezi kusema kwamba kidevu chini kinazuia nimonia. Pili, mkao hutegemea kumbukumbu. Mgonjwa anayesahau kama amekula hatakumbuka kuinama kila anapomeza, na asipopata mtu wa kumkumbusha kwa subira, kinywaji kizito kiasi kinaweza kumfaa zaidi. Wapo pia wanaodhurika na mkao usio wao: maji yanayotuama chini kabisa ya koromeo yanaweza kumwagikia njia ya hewa mgonjwa akiinama.

Hata hivyo, mara nyingi mkao hulaumiwa wakati haukufuatwa. Mtazame mgonjwa aliyeambiwa ashushe kidevu akinywea kikombe cha kawaida. Mafunda ya mwanzo yanakwenda sawa. Kikombe kikifika nusu, ukingo unagusa pua, na ili apate kilichobaki hana budi kurudisha kichwa nyuma, yaani mkao ule ule aliokatazwa. Anapaliwa, na kwenye faili inaandikwa kwamba mkao haukumsaidia. Kikombe kilichokatwa upande wa pua, au kinachojazwa tena kabla hakijafika nusu, kingeondoa tatizo hilo.

Kwa hiyo, mgonjwa anayeelewa maelekezo angejaribiwa kwanza kwa maji ya kawaida na mkao unaolingana na kasoro yake, angali mbele ya eksirei, na unga ungefuata pale mkao unaposhindwa. Jaribio hilo huongeza mameza machache tu kwenye kipimo. Kuna wagonjwa wanaopaliwa kimyakimya, bila hata kukohoa, na kwao kumtazama mtu akinywa kando ya kitanda hakutoshi kuamua lolote, liwe la mkao au la unga.