Kodi Mbili, Chumba Kimoja

Kwanza kabisa: sikuzimia. Yule jamaa aliyewaandikia kwenye grupu kwamba "nilianguka saiba kama gunia la nazi" hakuwepo, alisimuliwa. Mimi nilikuwepo, na nilikaa. Ghafla, sawa, na kiti hakikuwepo, lakini kukaa ni kukaa.

Jana, tarehe 30 Juni, saa mbili usiku, Kisauni, Mombasa, kwenye saiba, duka la intaneti. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuieleza serikali mtandaoni mapato na kodi ya mwaka jana. Mnatujua Wakenya na siku ya mwisho. Foleni ilitoka mlangoni ikafika kwa muuza viazi karai. Faini ya kuchelewa ni elfu mbili, na elfu mbili yangu nilishaipangia kazi nyingine.

"Mbona hukufanya Januari?" Wewe uliyeandika hivyo, naona mwaka jana ulikuwa na kazi moja. Mimi nilihama kazi Julai, kwa hivyo nina P9 mbili, zile karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa. Taarifa za mwajiri wa pili nilizikuta zimeshajaa kwenye fomu ya mtandaoni, raha mustarehe. Za wa kwanza, patupu. Yaani alinikata kodi kila mwezi kabla mshahara haujaninusia, halafu usiku ni mimi nieleze serikali pesa iliyokwisha kuila! Na P9 yenyewe ina safu A, B, C, D, ukifika E imezaa: E1, E2, E3. Hata kuingia tu unapewa hesabu ya kutoa, ati uthibitishe wewe ni binadamu. Nilikosa ile ya kwanza. Hapo ndipo ningerudi nyumbani.

Kijana wa saiba alikuwa anahudumia watu watatu kwa mpigo. "Bro, jaza hapo mshahara wa ile miezi sita, nakuja."

Shilingi 270,000. Karatasi ilikuwa nakala ya nakala, sifuri zimeshikana kama samaki kwenye ukambaa. Nikapiga moja zaidi.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo mlipodanganywa.

Kijana karudi. Kabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Akasogeza uso kwenye skrini. Akanitazama mimi, akaitazama skrini, akanitazama tena, kuanzia ndala kwenda juu. Kisha, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki: "Bro, unadaiwa laki saba na elfu ishirini na tisa."

Printa ilinyamaza. Nadhani hata feni. Nikaanza kupiga hesabu ya mali: simu, jiko la gesi, fungu langu kwenye shamba la babu Kaloleni, ambalo tuko wajukuu kumi na wanne. Goti la kushoto likaondoka kwanza, la kulia likalifuata kwa adabu. Nikakaa. Na ndiyo, macho yalitoa jasho kidogo, kulikuwa na joto.

Kutoka huko chini nikasikia sauti ninayoijua.

"Milioni mbili na laki saba? Kwa miezi sita?"

Mwenye nyumba wangu. Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, kavaa miwani, keshasoma skrini yote. Mzee yuleyule niliyemwambia Jumapili, mikono nimeifumbata, kwamba kodi ya nyumba ya Juni bado naitafuta.

"Shikamoo mzee," nikasema, ningali sakafuni.

"Marahaba, tajiri."

Yaliyobaki ni machache. Sifuri ikafutwa, deni likawa sifuri, risiti ikatoka, nikalipa mia mbili nikatokea mlango wa nyuma.

Lakini hebu niambieni. Ukituma shilingi hamsini kwa M-Pesa unaonyeshwa jina kwanza, isije ikaenda kwa mwingine. Fomu hii ina mshahara wangu wa kazi ya pili pale pale, ikaona mtu wa elfu arobaini na tano kwa mwezi alikuwa juzi wa laki nne na nusu, isiulize hata "una hakika?" Na kama waajiri wote wawili wamepeleka, si niletewe jumla nibonyeze ndiyo nikalale?

Asubuhi mzee kanigongea. Nimemtolea risiti, nimemwonyesha ile sifuri ilipokuwa. Akaitazama sana, akaikunja, akanirudishia. Anasema wenye pesa ndivyo tulivyo, hatukosi karatasi. Anataka ya Juni, ya Julai na ya Agosti, leo.