Sindano ya Roboti na Kichupa cha Arua

Mwaka jana shemeji yangu alipanda basi la usiku kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, amepakata kichupa, ndani yake kinyama kilichochukuliwa kwenye titi la mama yake. Kufika Kampala akaambiwa kimeharibika: kule kilikochukuliwa walikitia kwenye maji ya chumvi badala ya formalini, dawa inayozuia kinyama kuoza. Mama akachomwa upya. Kila nikisoma sifa za roboti zinazoelekeza sindano ya biopsi, yaani ya kuchukua kinyama cha kupima, nakikumbuka kichupa kile.

Si kwamba sifa hizo ni porojo. Mwaka 2018 na 2019 Marekani iliruhusu Monarch na Ion, roboti ambazo mrija wake mwembamba hupitishwa mdomoni na kupenya hadi pembezoni mwa pafu, kusikofikika kwa mrija wa kawaida. Ukichoma sindano kupitia kifuani, pafu linaweza kutoboka likanywea. Kwa tezi dume, mashine hulinganisha picha ya MRI na ultrasaundi, kisha huielekeza sindano kwenye doa lenyewe. Njia ya zamani ni kuchoma mara 12 hivi kwa mpangilio na kuomba Mungu mojawapo iangukie penye saratani. Na kwetu kivuli kwenye pafu ni rahisi kuitwa TB. Mtu anameza vidonge miezi 6, saratani inaendelea kukua. Kwa mgonjwa kama huyo, usahihi si anasa.

Ila wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa. Uvimbe wa titi unaoshikika kwa vidole hautaki roboti. Ultrasaundi na mkono uliozoea vinatosha. Panapokwama ni baada ya sindano kutoka. Kinyama kizamishwe kwenye formalini mara 10 ya ujazo wake, kigandishwe kwenye nta, kikatwe vipande vyembamba kuliko unywele, kipakwe rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia, anayetambua ugonjwa kwenye kinyama, akitazame kwa darubini. Huko kote roboti ya sindano haifiki.

Halafu matengenezo. Mashine pekee nchini ya kutibu saratani kwa mionzi, pale hospitali ya Mulago, Kampala, ilikufa 2016. Mpya ikazinduliwa 2018. Nani atampigia fundi simu mkono wa roboti ukigoma?

Wapo wanaojibu kuwa tukingoja kila kitu kikae sawa hatutaanza kamwe. Daktari wa upasuaji Burkitt aliieleza saratani ya taya za watoto akiwa Kampala mwaka 1958, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa 1967. Nani alingoja utajiri? Hoja hiyo inanigusa. Ningekubali roboti moja, Kampala, ya mapafu na tezi dume tu, mkataba wa fundi ukiwa umeshasainiwa. Lakini shilingi ya kwanza ningeipeleka Arua, kwenye formalini na kwa mtu wa kuisafirisha sampuli.

Kinyama cha pili cha mama alikichukua daktari kijana, kwa mkono, macho yake kwenye skrini ya ultrasaundi. Kilitumbukia kwenye formalini kabla hajavua glavu.