Mwavuli wa machinga na njia ya waenda kwa miguu

Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, nilifurahi. Ghafla ungeweza kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mnazi Mmoja bila kushukia barabarani kukwepana na daladala. Furaha iliisha saa saba mchana, jua likiwa la utosi. Meza zilikuwa zimeondoka na miavuli yake, na Kariakoo hapakuwa na kivuli kingine.

Miji ya Ulaya inahimiza watu washuke kwenye magari yao binafsi ili moshi upungue. Sisi wengi hatujawahi kuyapanda. Tunatembea kwa sababu nauli haitoshi, au kituo kiko mbali. Kwa hiyo hapa njia ya miguu haihusu moshi sana. Inahusu joto na maji, mambo mawili ambayo mabadiliko ya tabianchi yanatuletea bila sisi kuyaagiza.

Wanaotetea barabara pana wana hoja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 Dar, nao hawawezi wote kwenda mjini kwa miguu. Mradi wa mabasi ya mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni, ulioanza 2016, ulikuja na njia nzuri za waenda kwa miguu, na 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri. Lakini shuka Manzese, uingie ndani hatua chache: lami imeisha, mtaro hauna mfuniko. Mvua ikikaza, barabara ya bondeni Jangwani inafurika na kufungwa, na basi na mtembea kwa miguu wanakuwa sawa.

Sasa machinga. Mtembea kwa miguu ndiye mteja wake, hivyo atamfuata popote. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilionyesha mapema kwamba mnunuzi wa soksi hapandi ghorofa. Upande wa pili yupo anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya bodaboda. Mimi ningewarudisha machinga, ila kwa mstari uliochorwa: meza upande mmoja, nafasi ya watu wawili kupishana upande wa pili, na mgambo alinde mstari badala ya kubeba meza. (Magari yanayopandishwa juu ya njia hizo hizo sijaona yakibebwa.)

Mhandisi atasema panda miti. Sawa, ingawa mizizi hupasua mitaro na barabara ikitanuliwa mti ndio hutangulia kukatwa. Miti mikubwa ya jiji hili iko Ocean Road na mitaa ya jirani, Uzunguni ya zamani, ambako watembeao mchana ni wachache. Kariakoo, saa tisa alasiri, utaona watu wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, wakisubiri daladala.