Nilivyoisahihisha Simu Iliyokuwa Sahihi

Mjomba wangu alikuja kutoka Tanga kunitembelea Phoenix, Arizona, mwezi wa saba, wakati ambao lami inanata kwenye viatu. Siku ya tatu akaanza manung'uniko: Marekani yenyewe hajaiona, anaona AC tu. Nikampangia safari ya kaskazini, kwenye yale majabali mekundu ya Monument Valley. Nikalipia na gari la kututembeza, saa mbili kamili asubuhi, hela hairudishwi.

Njiani nikajifanya mwalimu. Nikamweleza kwamba Wamarekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, wakairudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwamba sheria ya mwaka 1966 inaruhusu jimbo zima kujitoa likitaka. Arizona ilijaribu kiangazi kimoja tu, 1967, mwaka uliofuata ikanawa mikono. Nani anataka jua lichelewe kuzama kwenye joto lile? "Kwa hiyo huku saa haiguswi, mjomba. Kama Tanga tu." Nilisema kwa mbwembwe utadhani hiyo sheria nimeiandika mimi.

Kumbe nilijua nusu. Kaskazini huko ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani wenye utawala wao, imelalia majimbo matatu, Arizona, Utah na New Mexico. Wao wameamua kusogeza saa, ili wote wawe na saa ileile. Lakini katikati yao wapo Wahopi, wenyeji wa asili wengine, wamezungukwa na Wanavajo pande zote, na Wahopi hawasogezi. Yaani unatoka Phoenix saa yako nzima, unaingia kwa Wanavajo inaruka, unafika kwa Wahopi inarudi, ukitoka inaruka tena.

Tukalala Moenkopi, kwa Wahopi. Ng'ambo ya barabara ni Tuba City, kwa Wanavajo. Barabara ya lami ya kawaida kabisa, hata mbuzi angevuka bila kufikiri.

Usiku mjomba akaenda sheli ya ng'ambo kutafuta maji. Akarudi ameshika chupa, uso umekunjamana.

"Wale saa yao ya ukutani inasema saa tano na robo. Hii ya hapa hotelini inasema saa nne na robo."

"Betri hiyo, mjomba."

"Betri ikichoka saa hurudi nyuma, mwanangu. Haikimbilii mbele."

Nikacheka. Nikatazama simu yangu: 10:17. Nikaiweka kitandani, nikaitazama tena: 11:18. Baada ya muda ikarudi 10:20. Ilikuwa inadaka mnara wa huku, mara mnara wa kule, kama mtoto wa wazazi walioachana. Hapo ndipo ujuaji ukanipanda. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima ile ya kujirekebisha yenyewe, nikaifunga kwenye saa za Phoenix. "Tulia," nikaiambia. Ikatulia.

Asubuhi tukaondoka saa kumi na mbili juu ya alama. Saa mbili kasoro dakika tano tulikuwa pale, nimejaa sifa, tiketi mkononi. Dada wa dirishani akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. Gari limeondoka karibu saa nzima iliyopita, akasema kwa upole. Nikamwonyesha simu. Naye akanionyesha ya kwake. Nyuma yangu nikasikia mjomba anakohoa kile kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Ikabidi tuingie na kigari changu kidogo kwenye ile njia ya vumbi ya kuzunguka majabali, maili 17, kama kilomita 27 hivi. Tulikwama mchangani mara mbili. Mjomba akashuka kusukuma, kanzu imekuwa rangi ya tofali, akasema njia hii anaijua, ni ya shamba la mkonge, ila hapa wamesahau kupanda mkonge.

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Jioni hiyo, tukiwa Kayenta, nikaisogeza simu mbele kwa mkono wangu mwenyewe, saa za Wanavajo, nikaapa sitachelewa tena. Kesho yake tulikuwa na miadi mjini Page, saa mbili asubuhi vilevile. Tukafika mapema, robo saa kabla. Mlango umefungwa. Hakuna gari, hakuna mtu, mbwa mmoja tu amelala kizingitini. Page, nilikuja kuambiwa, inafuata Arizona. Ilikuwa saa moja kasoro robo.

Mjomba hakusema neno. Akatandika mkeka wake kivulini mwa gari na kuketi. Yeye siku zote hizo mbili hakukosa sala hata moja, maana alikuwa anatazama jua, na jua halikuwa limepewa taarifa ya sheria yoyote. Akamega mkate wa jana, akampa mbwa kipande. Mimi sikupewa.

Mara simu yake ikalia. Mkewe, kutoka Tanga. Nikasikia sauti ya yule mama ikitoka wazi kabisa, anauliza hali, anauliza kama tumekula, kisha akauliza huko sasa hivi ni saa ngapi.

Mjomba akanigeukia, akanitazama toka utosini hadi kwenye viatu vilivyojaa mchanga.

"Ngoja nimuulize mwanao," akamwambia, "kwanza tuko upande gani wa barabara."